Mtori Bila Mtoto

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu hamjambo. Mama mwenyekiti kaniambia nisimame nitoe ushuhuda, nami sina mazoea ya kuongea mbele za watu, kwa hiyo mtanivumilia. Mkiona silii, msidhani nimejikaza. Mambo haya nayakumbuka hivi hivi, kama ya mtu mwingine.

Nimekulia Ngarenaro. Wazazi wangu ni watu wa Machame, na nilipokuwa sekondari waliacha kusemeshana. Hawakupigana. Mama alisema tu, "Mwambie baba yako chakula tayari." Baba, aliyekaa pale pale, alisema, "Mwambie mama yako nimeshakula." Nami nikapeleka maneno. Kisha baba akaanza kulala Olasiti, alikokuwa anajenga.

Nikaugua taifodi, ya kweli kabisa. Baba akarudi. Akakaa upande huu wa kitanda, mama upande ule, na nikawasikia wakiulizana wenyewe:

"Amekula?"

"Kidogo."

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwahi kusikia kitu kitamu kama kile. Nilipopona, baba akaondoka tena. Hapo ndipo nilipoacha kula.

Sikukaa nikapanga. Njaa iliisha, halafu na vingine vikaisha: hofu, hamu ya shule, hata kicheko. Nywele zilikatika, na mchana wa jua kali nilisikia baridi. Lakini baba alikuwa amerudi nyumbani tena, na moyoni niliamini kwamba siku nikila vizuri, nyumba inavunjika.

Wakanipima taifodi tena. Wakanitibu vidonda vya tumbo. Wakaniombea. Mwisho mama akaanza kunipikia mtori kila asubuhi. Sasa nyie mnajua mtori kwetu anapikiwa nani: mwanamke aliyejifungua. Binti wa shule haonekani nje, na harufu ya ndizi na nyama haikatiki: majirani wakakubaliana kwamba nimezaa na ninafichwa. Chekeni tu, jamani.

Habari ikafika Machame. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akashuka na mkungu wa ndizi na blanketi la mtoto mchanga.

"Mtoto yuko wapi?"

Mama akaninyooshea kidole. Shangazi akaitazama mikono yangu iliyobaki mifupa, akalikunja blanketi lake, akakaa.

Mchana tukawa mezani. Mama akaniambia, "Mwambie baba yako asogeze chumvi." Shangazi akaweka kijiko chini.

"Nyie wawili, kwa hiyo huyu mtoto ndiye simu yenu?"

Akanigeukia. "Mwanangu, hawa watagombana ukila, na watagombana usipokula. Hiyo ndoa si kazi yako kuishikilia."

Ningependa kuwaambia nililia. Sikulia. Nilisikia tu mabega yameshuka, nikala vijiko vichache, tumbo likauma. Kupona kulichukua muda mrefu. Shangazi alinipeleka hospitali, na mshauri wa pale akawaita wazazi wangu wote wawili. Mimi akaniambia nibaki nje ya chumba. Wakaongea wenyewe. Baadaye wakaachana. Nyumba ilivunjika kweli, na jioni ya siku hiyo hiyo nikala.

Namshukuru shangazi. Namshukuru yule mshauri, na mama yangu, aliyekubali kukaa kwenye kile chumba ingawa aliona aibu. Nawashukuru na majirani wetu, maana bila umbea wao shangazi asingekuja. Nanyi mnaolea, mtoto akikataa chakula, mpelekeni hospitali, lakini mkirudi jiangalieni na nyie mnaokaa naye mezani.

Blanketi lile shangazi hakulirudisha Machame. Binti yangu amelilalia mpaka limetoboka. Juzi mume wangu alikuwa amenikasirikia. Nikiwa jikoni nikamsikia anamwambia huyo mtoto, "Kamwambie mama yako mimi sili."

Nikaacha mwiko kwenye sufuria, nikaenda sebuleni kabla mtoto hajanyanyuka.

"Niko hapa," nikasema. "Niambie mwenyewe."