Basile Ndayiragije, Aliyelipa Mbuzi kwa Kuisingizia Nyota

Ndugu waombolezaji, mimi Ndihokubwayo, mdogo wake, familia imenituma nisome maisha ya kaka yetu, nami nayasoma nikiwa na hasira, mnivumilie.

Basile alizaliwa hapa Runingu tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Niyonsaba na mama yetu Marie-Rose, mnayemwona mbele yenu, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Lemera, akamaliza fizikia Bukavu mwaka 1986, kisha akaenda Ubelgiji, ambako kuanzia 1990 kazi yake ilikuwa kutafuta, ndani ya makundi ya nyota kongwe zilizosongamana kama nyuki mzingani, ni ipi hasa inayotoa miali hafifu ya eksirei iliyonaswa na setelaiti.

Setelaiti haikumwonyesha nyota moja, ilimwonyesha kiduara cha anga chenye nyota nyingi ndani yake, na mwaka 1993 Basile akaichagua ile iliyong'aa kuliko zote, akaitangaza mbele ya wataalamu, kumbe miali ilitoka kwa nyota mfu iliyojificha pembeni, isiyoonekana vizuri, iliyokuwa ikinyonya gesi ya nyota mwenzake. Alipokuja likizo akatusimulia, mama akamwambia kwamba kwetu anayesingizia hulipa mbuzi, awe amesingizia mtu au nyota, akalipa, tukamla mbuzi huku tukicheka.

Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa na Domitille Kankindi, wakajaliwa watoto, Délice na Pitchou, mwaka 1995 akarudi kufundisha Uvira, vita vya 1996 vikamchomea nyumba, na vile vya 1998 vikamrudisha Runingu kulima mpunga.

Jumamosi tarehe 12 Mei 2001, watu wenye silaha, ambao mwenzao alipigwa risasi kando ya mashamba yetu, walitukusanya mbele ya kanisa, wakawapiga wazee kwa vitako vya bunduki, wakamtoa Basile mbele kwa kuwa mwalimu anajua watu wote, wakamwamuru aonyeshe aliyefyatua. Macho yote yalikuwa yameshamgeukia Onesphore, ambaye nyumba yake inapakana na shamba lile, na Basile akasema, "Huyu iko karibu, basi. Kuwa karibu haiko kosa. Minye sionyeshe muntu."

Wakamvunja vidole kimoja kimoja, wakampiga risasi ya tumbo, wakaondoka wakichoma nyumba, naye akafariki hospitalini Lemera tarehe 15 Mei 2001, akimwita Domitille.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompasua bila dawa za kutosha, majirani waliotulisha, walimu wenzake waliotoka Uvira kwa miguu, na Onesphore, aliyebeba machela mbele mpaka Lemera mlimani, mabega yake bado yamevimba.

Sasa nyinyi vijana mliosimama nje ya ua na mapanga, mnangoja nimtaje yule aliyeonekana akiongea na wauaji kwenye barabara ya Kamanyola. Jina lake ninalo, linanichoma ulimi, na ningefurahi kumwona akilia kama Domitille anavyolia, lakini mlimwona karibu nao, hilo tu. Nyota ilisingiziwa ikaendelea kuwaka, tukala mbuzi, yakaisha. Huyu mkishamkata, kumbe mmemsingizia, mbuzi mtamla na nani?

Wekeni mapanga chini, mje tubebe jeneza. Kaka, pumzika kwa amani, jina sikulitaja.