Yotham Ndahani, Muuza Nyama wa Msalato

Tunayemsindikiza leo, Yotham Ndahani, alizaliwa Ihumwa tarehe 14 Machi 1964, mkubwa kati ya watoto wawili wa Mzee Elia na Mama Rose. Mdogo wake ni Noeli. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ihumwa, akamaliza darasa la saba mwaka 1979. Kichwa alikuwa nacho, ila mguu wake ulikuwa mnadani siku zote.

Mwaka 1983 alihamia Msalato kuuza nyama. Mzee Suleiman, mchinjaji wa pale mnadani, akichinja, yeye akichuna, wakitaniana kutwa nzima. Yotham alikuwa na jicho kali: ini la mbuzi likiwa na mabaka alilitupa, hata mteja alie. Mkewe, Tereza, alimpata hapo hapo. Dada wa watu alifuata utumbo, akaambiwa, "Wewe chukua paja kwa bei ya utumbo." Walifunga ndoa tarehe 7 Julai 1990.

Mwaka uliofuata mama yao alifariki, tumbo limevimba, na watu wakasema amerogwa. Mwaka 2014 Yotham alikwenda kumtolea jirani damu, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini, ambavyo huenda alivipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa. Alianza dawa. Daktari Nazish akamwomba aingie kwenye utafiti, damu yake ipimwe kila baada ya miezi sita kutafuta viashiria vya saratani ya ini kabla ugonjwa haujajionyesha.

"Daktari, mimi ini nalijua kwa kulipasua," alisema. "Wewe utalionaje likiwa tumboni?"

"Ndiyo maana naomba damu, baba. Tukisubiri kupasua tutakuwa tumechelewa."

Alikubali. Mwaka 2018 kiashiria kimoja kilipanda. Picha ya ultrasaundi haikuonyesha kitu, naye alikuwa bado anabeba mbuzi mzima begani. Wengi wetu tulimwambia aachane na utafiti huo, akatupuuza, akarudi kupimwa. Mwezi Agosti kilionekana kivimbe kidogo, kikaondolewa Dar es Salaam. Tunamshukuru Mungu kwa miaka sita tuliyoipata naye baada ya hapo. Alimwoza binti yake Rose, akawapeleka watoto wake wote kupima na kuchanjwa, na pale mnadani aliwasumbua wateja mpaka nao wakapime.

Aliyemshinda kumshawishi ni Noeli, waliyezaliwa naye tumbo moja. "Mama alirogwa," Noeli alikuwa akisema. "Sitaki kutafutiwa ugonjwa nikiwa mzima." Jambo hilo lilimuumiza Yotham kuliko kisu cha daktari.

Mwishoni mwa mwaka 2024 saratani ilirudi na kusambaa. Januari hii alimwita Noeli, Tereza akiwepo. "Nikifa, kaburi langu chimba wewe," alimwambia. "Ila jembe usiliguse kabla hujapima. Usipopima, waachie majirani." Noeli aliinuka, akaondoka.

Yotham alifariki nyumbani kwake Msalato jioni ya tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa kwa Tereza. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Ameacha mjane, Tereza, watoto wawili, Rose na Anselmi, wajukuu watatu, na mdogo wake, Noeli, ambaye ameturuhusu tulisome hili mbele yenu. Juzi asubuhi alikwenda hospitali, akatolewa damu. Majibu ni yake mwenyewe. Leo alfajiri aliwaomba majirani wakae pembeni, akaanza kuchimba.

Lala kwa amani, Yotham.