Kijiti cha Gia

Dereva wa lori alipanda basi amekumbatia kijiti cha kupimia mafuta ya gia, kimeviringishiwa gazeti. Saa nne alitakiwa ofisini akajieleze kwa nini gia ya otomatiki imeungua. Barua ya kumwita ilishasema ni uzembe wake.

"Uzembe wangu!" alimfokea jirani yake wa kiti, fundi mwenye ovaroli. "Fundi wa kampuni kapima injini imezimwa. Kaona mafuta yamezidi, kayapunguza. Nikamwambia, kaka, washa, ipate moto, ndipo upime. Akanijibu kazi yangu usukani!"

"Mbona hata mimi hupima imezimwa, mwaka wa ishirini huu?"

"Hayo ni mafuta ya injini, mzee wangu! Gia ukizima, mafuta yanarudi chini kwenye sufuria yake, kijiti kinakudanganya yamezidi; ukiyapunguza, inaungua. Zimekuungulia ngapi?"

Fundi alihesabu kwa vidole.

"Tatu," fundi alisema. "Lakini madereva wa malori hayo walikuwa wakorofi. Walifukuzwa."

Ukorofi, kama kawaida, hauvai tai wala ovaroli; hukaa kwenye usukani.

Basi likasimama mbele ya ofisi. Dereva akainuka, akamshika fundi mkono wa ovaroli. "Shuka nami, ukaseme hivyo hivyo."

Fundi akaking'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mlango ukafunguka.