Udongo wa Uwanja wa Kisyeri

Wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika hapa Busawe kumsindikiza kijana wetu, wakiwemo wageni mliomjua kwa simu tu, familia inawaomba mzizime simu hizo mpaka tumalize, kwa sababu ambayo mtaisikia mbele.

Marehemu Kisyeri Rubeni Nyangwine alizaliwa tarehe 14 Aprili 1994 katika nyumba ile iliyo nyuma yenu, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Rubeni Nyangwine, ambaye ametangulia, na Mama Ghati, ambaye mnamwona ameketi juu ya lundo la udongo kando ya kaburi, na tunaomba mtu yeyote asimwinue.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Busawe kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, kisha sekondari Tarime hadi 2012, na huko, kwa sababu ya urefu uliomfanya agonge kichwa kwenye kila mlango, mwalimu mmoja alimwingiza kwenye mpira wa kikapu, mchezo ambao kwetu hakuna aliyeujua. Likizo ya kwanza alirudi akang'oa ringi ya baiskeli ya baba yake, akaipigilia kwenye mkaratusi na kusawazisha uwanja kwa jembe, na Mzee Rubeni, aliyekuwa anajiandaa kwenda mnadani na baiskeli hiyo hiyo, akamkimbiza kwa fimbo mpaka mtoni, ila jioni mzee alikutwa peke yake akirusha mpira, akikosa na kulaani. Ringi yenyewe ndiyo hiyo mnayoiona juu ya kaburi.

Kuanzia mwaka 2013 alicheza Mwanza, kisha Dar es Salaam, na tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa kanisani Mugumu na Lilian, Mungu akawajalia Veronika na Rubeni mdogo. Mwaka 2019 aliumia goti, akarudi nyumbani, wengi wakisema amekwisha, kumbe ndiyo kwanza anaanza, maana alianza kurusha mtandaoni mazoezi aliyowapa watoto wa hapa pekupeku, akiwatania wao na kulitania goti lake, watu wakampenda kuanzia Robanda hadi Sirari na ng'ambo ya mpaka, ikafika mahali mgeni akishuka Mugumu na kuuliza uwanja wa Kisyeri anaonyeshwa njia na mtu wa kwanza.

Julai 2023 dhahabu ilionekana ng'ambo ya mto, mashamba yakageuka maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na mtu tusiyemjua akaandika chini ya video ya marehemu kwamba lile jiwe jeupe lililo nyuma ya kikapu lina mshipa wa dhahabu. Tangu siku hiyo wapo walioacha kutazama mpira wakawa wanatazama ardhi. Mama Ghati alimwambia mwanawe aache kuionyesha dunia ardhi ya baba yake, naye akamjibu kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, ila kwa kumheshimu akawa anaielekeza simu juu, ikawa inaonekana ringi na mbingu tu. Wageni hawakuacha kuja, na mama alikuwa akiwafukuza kwa mwiko wa ugali.

Tarehe 9 Machi 2024 asubuhi, akiwa anarusha mazoezi mubashara, mpira ulidunda ukapita kwenye ua wa katani, akaufuata, akatumbukia katika shimo ambalo familia haikulichimba na ambalo siku iliyotangulia halikuwapo. Waliokuwa wakitazama waliona ringi na mbingu, wakaendelea kumsubiri arudi. Aliumia uti wa mgongo, akatibiwa Mugumu, baadaye Mwanza, hadi tarehe 21 Aprili 2024 alipofariki dunia, nayo video ile, tunaambiwa, imetazamwa kuliko zote alizowahi kuweka.

Wazee walitaka azikwe karibu na baba yake, lakini Mama Ghati alisema azikwe hapa chini ya kikapu, kwa kuwa mtu anaweza kufukua shamba la mjane ila kaburi hafukui, na wazee, baada ya kubishana sana, wakakubali. Jana vijana waliochimba waligonga jiwe jeupe, mmoja wao akalipiga picha na kuiweka mtandaoni pamoja na jina la marehemu, kwa nia njema ya kumwombolezea, na lundo la udongo lililofika kifuani jana jioni, leo asubuhi limefika magotini. Hatumtaji mtu. Mama anasema alidhani watu wanaogopa laana kuliko umaskini, na kwamba sasa yeye ndiye anayeogopa, neno ambalo hatujawahi kulisikia kinywani mwake.

Kwa hiyo mtakapopita kuweka udongo, yeyote mwenye udongo mfukoni, kwenye mkoba au kwenye buti ya gari aumwage kaburini, hakuna atakayemwangalia usoni, maana huu uliobaki hautoshi kumfukia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mugumu na Mwanza, majirani mliolala hapa nasi, Mzee Abdurahmani wa Mugumu kwa maturubai haya, na wachezaji wenzake, ambao mmeomba kubaki mkilinda baada ya maziko, na jibu la mama ni kwamba mbaki.

Kisyeri, mwana wa Ghati, mama yako ametuagiza tusikuahidi lolote. Pumzika kwa amani, kama watakuacha.