Cheti cha Duka la Bangi

Nisikilizeni wadogo zangu, wewe Methodi hapo Columbus, Ohio, na wewe Agata huko Louisville, isikilizeni sauti hii mpaka mwisho kabla ya kunipigia, maana kesho saa kumi na mbili asubuhi wananipasua kumtoa mtoto, kondo la nyuma limeng'ang'ania pale penye kovu la kupasuliwa nilipomzaa Shami, na daktari amenieleza habari za damu mara tatu, na jambo dogo mtu haelezwi mara tatu. Nina miaka ishirini na tisa, najua wosia ni wa wazee, lakini mama alipotufia katika kambi ya wakimbizi mkubwa wenu nikawa mimi.

Kwanza Karoli. Mmeniuliza kwa nini simwamkii, nikawageuzia maneno kwa aibu. Ndiye aliyenijia hapa Buffalo baada ya ibada, Biblia kwapani, akasema dada Nadine, serikali yenyewe imeruhusu bangi, duka lina taa na mlinzi na linalipa kodi, nunua hisa kabla wenyeji hawajazimaliza. Nikanunua. Bei ikaporomoka, benki zikawakimbia, duka likafungwa, na hata mahakama ya waliofilisika haikuwapokea. Basi, hela ni hela, ningepakia maboksi ghalani zikarudi.

Kilichoniumiza ni cheti. Mnajua tulivyolelewa, kambini karatasi ilikuwa chakula, ukipewa yenye muhuri unaifunga nailoni unalala nayo. Siku ya mahojiano ya uraia nikakibeba cheti changu cha hisa, nimekitia laminesheni, nikakiweka mezani mwenyewe bila kuulizwa, nikamwambia afisa, tazama bwana, mimi si mzigo, nina biashara katika nchi yenu. Akakisoma, akanionea huruma kabisa, akasema jimbo limeruhusu, serikali kuu ya Washington haijaruhusu, na uraia ni wa Washington. Wakaninyima. Mwenye duka anaitwa mwekezaji, mimi nimeandikiwa kwamba mwenendo wangu si mwema. Eti sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa bangi unakata upande wetu tu, kwani Karoli pasipoti ya Marekani alikuwa nayo tayari, alijua, na aliniuzia huku ananitazama usoni.

Sasa Agata ananiambia Karoli amehamia huko Columbus, na Ijumaa Methodi unatia sahihi kununua hisa zake. Nilipokuuliza ukanijibu, "Dada, ya Ohio ni tofauti." Tofauti gani, Methodi, na mahojiano yako ya uraia ni mwezi ujao? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe, wanangu watasimama juu ya guu lako, maana baba yao alishakwenda zake, na kwenye fomu ya mlezi nimeandika jina lako. Nimeliandika kwa penseli. Ichane karatasi ya Karoli, nitumie picha kabla hawajaja kunichukua, nami nitapitisha kalamu ya wino juu ya jina lako.

Agata, kitenge cha mama ni chako. Shami hali uji wenye madonge, uchuje. Karoli msimlaani, msimwamkie tu.

Dawa hii inanivuta, ulimi mzito. Mungu aliyemvusha mama mto Malagarasi mimi nikiwa tumboni awavushe na ninyi, awape majibu mafupi mbele ya wenye kuuliza, awa... Methodi. Sijalala. Kalamu ninayo mkononi.