Mahali pa Kupanda Maua ya Arlys

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Walutheri wa mji mdogo wa Elstad waliponunua viti vipya, hili moja likaegemezwa ukutani pa duka la ushirika la wakulima, chini ya maghala ya mahindi, na tangu hapo limesikia uongo mwingi kuliko lilivyowahi kusikia mahubiri. Kila asubuhi wazee watatu waliokwisha kuwaachia watoto wao matrekta hukaa hapo na birika la kahawa nyepesi, ile ambayo unaona kitako cha kikombe, wakitupa dadu kuamua nani aingie ndani kupika nyingine. Kulia hukaa Kidogo, ambaye peke yake hujaza nafasi ya watu wawili. Kushoto ni Kipande, aliyeacha vidole viwili kwenye mashine ya kuvunia mahindi. Katikati ni Verlyn Haugen, waliyempa jina la Mstari, maana hapo kijiweni waliamini kwamba Iowa nzima hakuna aliyewahi kupanda mahindi yakanyooka kama yake. Asubuhi hiyo ya Mei, Mstari alikuja na kamba na vigingi nyuma ya pikapu, na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi.

— Unampimia nani kaburi? aliuliza Kipande.

— Kaburi lako, lakini nimekosa kamba fupi. Hii ni ya bustani. Maua ya Arlys.

— Yale ya kwenye madumu ya maziwa?

— Hayo hayo. Yameshatoa vichwa nje. Na mwenyewe anarudi kesho.

Habari ya madumu kila mtu Elstad aliijua. Januari, Arlys, mke wa Verlyn, alitia mbegu za maua ya mbugani kwenye madumu matupu ya maziwa, maua ya asili yaliyoifunika nchi yote ile kabla babu zao hawajafika na plau, akayapanga madumu nje kwenye theluji, kwa sababu mbegu hizo zisipoonja baridi haziamki. Akilipeleka dumu la mwisho, akateleza kwenye barafu na nyonga ikavunjika. Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, Verlyn aliliokota lile dumu, akaliweka pamoja na wenzake. Tangu siku hiyo hayakukauka hata mara moja. Sasa alitaka mkewe ayakute ardhini, na alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kuitaka mvua.

— Kamba basi ya nini? aliuliza Kidogo.

— Ya mistari. Inchi thelathini toka mstari hadi mstari.

— Hapo umenena. Inchi thelathini ni neno la Mungu.

— Acheni ujinga, alisema Kipande. Mbugani kulikuwa na mistari?

— Ndiyo maana nyati waliisha! alisema Kidogo. Wangepangwa vizuri, tungekuwa nao mpaka leo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki anaingiaje hapo?

— Anaingia kwa mkia. Endelea, Mstari.

Verlyn alikuna shingo.

— Tatizo, mengine ni mafupi, mengine yatanizidi kimo. Na kuna ule mmea wa maziwa, wenye utomvu mweupe, wanaoupenda vipepeo.

— Mmea wa maziwa! Kipande alitema kahawa. Tumeupiga majembe kwenye soya tangu tuko watoto! Leo unaukaribisha nyumbani na kuumwagilia maji? Utamwambia nini marehemu baba yako?

— Nitamwambia muulize Arlys.

— Weka mbali na nyumba, Kidogo alishauri. Mizizi ya vitu vile inakwenda chini kuliko kisima. Itapita chini ya msingi, itainua nyumba. Siku moja unaingia chooni, unakuta ua.

— Litakuwa ua la kwanza kukutana na wewe likabaki hai, alisema Kipande. Mstari, nisikilize mimi. Ukishapanda, choma moto.

— Nichome?

— Mbuga inapenda moto. Waliokuwepo hapa kabla yetu walikuwa wanaichoma. Panda leo, choma kesho.

— Kesho Arlys ndiyo anafika, bwana!

— Basi atakuta pana joto. Na usikawie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Verlyn alimgeukia polepole. Kipande akatazama kikombe chake.

— Samahani, ndugu yangu. Imenitoka tu.

— Na ule mmea mwingine, Kidogo aliwahi kuokoa jahazi, ule ambao majani yake yanasimama yakielekea kaskazini na kusini, kama dira?

— Ninayo miche mitatu.

— Mitatu! Kijana wako analima na trekta linalojiendesha kwa setilaiti. Likipita jirani na dira tatu, litachanganyikiwa. Mnaweza kulikuta Nebraska.

Kipande alikuwa bado anacheka mlango wa duka ulipofunguka, akatoka Mchungaji Maren na mfuko wa chakula cha ndege. Alikuwa mgeni Elstad, hata mwezi hajamaliza, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba benchi lile lina wenyewe. Aliutua mfuko chini, akajibana kwenye inchi mbili zilizobaki kando ya Kidogo.

— Mgeni njoo, mwenyeji abanwe, alisema Kidogo.

— Mnabishania nini, wazee wangu?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja: mistari, mizizi, moto na trekta la Nebraska. Mchungaji alisikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Na mama Arlys mwenyewe, atakuwa amekaa wapi akiyatazama?



— Kitandani, alisema Kidogo.

— Kitanda kimehamia sebule ya nyuma, alisema Verlyn. Dirisha lake linatazama ghala.

— Kibarazani basi.

— Kuna ngazi. Hataziweza mpaka vuli.

— Lakini siku zote, Mchungaji aliuliza kwa upole, kabla hajaanguka. Alikuwa anapenda kutazama nje kupitia wapi?

Kila dirisha la nyumba ile Verlyn alilijua, lipi linaingiza upepo, lipi linavuja. Lakini maisha yake yote yeye alikuwa nje, mgongo kwa nyumba, akiangalia mistari. Aliona aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na hofu.

— Sijui, alisema. Mchungaji, sijui.

— Si wewe peke yako, alisema Kidogo. Wangu mimi hutazama nje kupitia televisheni.

Hakuna aliyecheka. Kipande alikuwa anageuza kikombe kwa vidole vyake vitatu.

— Mimi Lavonne wangu alikuwa na kiti, alisema. Alikuwa akikisogeza kila siku saa za mchana. Sikuwahi kumuuliza anakisogeza aone nini. Na sasa ndiyo hivyo, yuko makaburini, nitamuuliza nani? Akamgonga Verlyn begani. Wako yupo. Mpigie simu.

— Nilitaka asijue mpaka afike.

— Mpigie, Mstari.

Verlyn alitoa simu, akaishika mbali na uso kama kawaida yake, hivyo benchi zima likasikia.

— Verlyn? ilisema sauti ya Arlys. Umeunguza nini?

— Sijaunguza kitu. Arlys, nataka kukuuliza. Ukiwa nyumbani, wewe hutazama nje kupitia dirisha gani?

— Umekunywa?

— Kahawa tu. Niambie, mama.



— Lile dogo la jikoni, juu ya sinki.

— Lile? Pale pana nini cha kutazama? Si barabara tu na kona?

— Si ndiyo unakotokea wewe.

Verlyn aligeukia barabara.

— Tangu tuoane, Verlyn. Nikiona vumbi kwenye kona, natia viazi motoni. Kwani ulidhani chakula kilikuwa kinajiiva chenyewe? Ni maua, siyo? Unataka kuyapanda.

— Ndiyo.

— Basi panda hapo. Mafupi mbele karibu na dirisha, uyachanganye changanye, na usithubutu kutoa kamba. Marefu weka pembeni, huku na huku. Yasinizibie kona.

— Sawa, mama.

— Na uvae kofia.

Simu ikakatika. Kipande alijifanya kupenga kamasi. Kidogo aliinamisha birika, likatoa matone mawili, lakini hakuna aliyegusa dadu. Mchungaji akabeba mfuko wake wa chakula cha ndege, akaaga kwa kichwa tu.

— Nami naenda, alisema Kidogo, akijikwamua. Kuna mtu nataka nikamuulize jambo.

Verlyn alichukua kamba yake, akampa Kipande.

— Fungia nyanya.

Aliendesha taratibu. Alipoikata ile kona, alisimamisha pikapu katikati ya barabara, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akainua macho. Dirisha la jikoni lilionekana vizuri kabisa, dogo, jeupe, juu ya mahali patakapopandwa maua. Alilipungia mkono, ingawa leo hapakuwa na mtu.