Mpima Chavua na Jina Lisilokuwa Lake

Waombolezaji wenzangu, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu mbili, ya kwanza sauti yangu haihitaji kipaza sauti, ya pili kaka yetu mkubwa aliikataa kazi hii baada ya kuona kwamba karatasi ina sehemu ya watoto, sehemu ambayo baadhi ya ndugu walishauri niiruke kimyakimya kama mtu anayeruka dimbwi, nami nasema mapema, ili anayetaka kuondoka aondoke sasa na kiti ampishe aliyesimama, siiruki.

Dada yetu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, iliyopakana na ghala la magunia, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na marehemu mama alikuwa akisema kwamba mtoto yule alitoka amekunja uso kama mkaguzi aliyekuta mizani imechezewa.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akaingia sekondari mwaka 1975 na kumaliza 1980, kisha chuo kikuu kuanzia 1981 hadi 1985, akasomea kilimo, msichana peke yake katika darasa la watu thelathini na wanne, na siku ya kwanza mhadhiri alipomuuliza kama hakukosea mlango akidhani ni darasa la upishi, alimjibu kwa adabu zote, "Mwalimu, kwani huo wali wako wa mchana huota sufuriani?"

Tarehe 1 Julai 1985 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mpunga, maabara namba tatu, chumba chenye dirisha moja, hadubini moja, na kiti kilichosimama kwa msaada wa tofali, na kazi yake ilikuwa kujua kwa nini mpunga chotara, mtoto wa wazazi wawili wenye afya tele, hurefuka, hunawiri, hutoa masuke ya kuringia, halafu ukiyaminya unakuta mapepe, maganda yasiyo na punje.

Mwezi Mei 1993 karibu shamba zima la chotara lilitoa mapepe, na mkuu wa kituo, ambaye hakuwa ameinama shambani tangu apate kiti cha kuzunguka, akaamua kwamba kosa ni la wanawake saba waliokuwa wakichavusha maua kwa mkono, kwamba walichanganya chavua kwa uzembe, akachapisha barua saba za kuwafukuza, na wao wakaja maabara wakilia, "Mama, sisi tumekwisha." Dada hakulia nao, alichukua maua yaliyochelewa kuchanua ya kila mmea, akaweka chavua kwenye kioo na tone la iodini, kwa maana chavua nzima imejaa wanga na hugeuka nyeusi, iliyokufa ni tupu na hubaki ya manjano, akahesabu siku tano, mimea mia mbili na kumi, na kila mmea ukampa jibu lilelile, nusu nyeusi, nusu manjano, akapanda ngazi na daftari lake akasema, "Mkuu, mzembe gani huyu anayeharibu nusu kamili kila mahali? Mtafute umpe idara ya hesabu."

Barua zilichanwa, ila yeye hakuishia hapo, ilimchukua miaka sita zaidi kuonyesha kwamba ndani ya seli za chotara yule kuna jeni moja inayoua na jirani yake inayolinda, na chavua isiyopata mlinzi hufa kabla haijajaa wanga, kwa hiyo si baba mgonjwa wala mama mgonjwa, ni kukutana kwao tu, na mwaka 1999 akapata aina ya tatu ya mpunga isiyo na ugomvi na upande wowote, wachavushaji wakaiita Mshenga, wakaioza pande zote mbili, masuke yakajaa.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 na shemeji yetu, fundi wa pampu za maji wa kituo hichohicho, aliyekuja kutengeneza bomba la maabara mara nne ingawa bomba lilipona mara ya kwanza.

Sasa watoto. Hawakujaliwa mtoto, na sitasema mbegu zake ndizo zilikuwa wanawe, msemo huo aliuchukia, alisema mpunga haukuombi viatu, lakini nitasema kwamba kwa miaka yote hiyo aliitwa mgumba, jikoni, sokoni, kwenye harusi za watu, na mawifi wengine walimwambia mbele yetu, "Wewe unapima mbegu za wengine, zako ziko wapi?" naye akiwajibu, "Bado nahesabu, wifi, ongeza chai," na sisi wa tumbo moja naye tulinyamaza, mimi nikiwamo, na midomo yetu hii mikubwa.

Februari 1991 walipimwa wote wawili hospitalini, na majibu yalisema dada yetu hana tatizo lolote, mbegu za shemeji ndizo hazikuwa hai, naye shemeji alipoinamisha kichwa pale kwenye korido, dada aliikunja karatasi akasema, "Wakiuliza, waambie ni mimi, mabega ninayo," na hivyo mwanamke ambaye hakukubali vibarua saba wabebeshwe kosa la uongo hata wiki moja, alilibeba la kwake miaka thelathini na mitatu.

Haya sikuyaokota mtaani, juzi Jumapili shemeji aliniita jikoni, akanipa karatasi yenyewe, akasema, "Shemeji, lile jina ni langu, asiende nalo kaburini, lisome kwa sauti yako yote," na tulikubaliana kwamba nikifika hapa atasimama. Simama, shemeji. Mtu yeyote asimcheke, maana kukosa mbegu si kosa, kosa ni kumbandika asiyehusika bila kupima, na ninyi mliombandika mnajijua, wengine mmekaa mstari wa pili.

Aprili mwaka huu wa 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Jumamosi tarehe 9 Novemba saa nne asubuhi, wodi ya wanawake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kukaguliwa na mgonjwa wao, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa kituo, na wachavushaji watano waliobaki kati ya wale saba, ambao ndio watakaolibeba jeneza, na kama kuna anayeona hiyo si kazi ya wanawake, aje aniambie mimi.

Dada, pumzika kwa amani, jina umelitua, na akiliokota mtu tena, sisi tupo.